Kutundika Miguu Ndani ya Eda

Chumba chetu cha kulala kilikuwa na kuta nne kama vyumba vya watu wote, lakini ukuta mtupu ulikuwa mmoja tu. Mmoja ulikuwa na dirisha linalotazama kichochoro, wa pili ulikuwa na mlango na kabati la nguo, wa tatu ulikuwa umekaliwa na kitanda. Wa nne, wa upande wa kaskazini, tuliuacha wazi kwa sababu ndio wa kibla. Pale hatukutundika picha wala saa, hatukuweka hata kiti. Msala ulitandikwa pale, mume wangu akaswali mbele nami nyuma yake, na pale pale niliendelea kuswali peke yangu alipofariki. Naanza na kuta kwa sababu usingizi wangu, aibu yangu na kicheko changu cha kwanza baada ya msiba vyote vilitoka kwenye kuta hizo.

Mume wangu alifia kazini, bandarini, kwenye kiti chake, kikombe cha chai kikiwa mezani hakijapoa. Moyo, walisema. Asubuhi ile alitoka akilalamika kwamba shati halikupigwa pasi vizuri kwenye kola, nami nikamjibu kwamba mwenye macho ya kuona kola ana mikono ya kushika pasi. Hatukuwa tunagombana. Ndivyo tulivyokuwa tukizungumza, na laiti ningepewa asubuhi nyingine ningemjibu vivyo hivyo, ila kola ningeirudia.

Nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba aliyoishi na mumewe. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato. Nyumba yetu ni ya ghorofa moja, ya mawe, ndani ya Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu. Chini ni duka lililofungwa, juu tulikaa watatu: mimi, mume wangu, na mama yake, yaani mavyaa wangu. Sasa tulibaki wanawake wawili na pazia mbili za mlangoni, yake na yangu.

Waliokuja kunipa pole waliniombea subira. Nadhani nilipewa. Usingizi ndio sikupewa.

Kitanda chetu ni cha mbao ya msaji, chenye nguzo nne, na kilikuwa cha mavyaa kabla ya kuwa chetu. Mume wangu alizaliwa juu yake. Alikuwa akilala upande wa dirisha, na kila alfajiri alipoamka kuswali kitanda kililia, mlio mmoja mfupi, nami nikijua hapo kwamba siku imeanza. Baada ya kufa kwake niliendelea kujibana upande wangu wa mlangoni. Upande wake niliuacha wazi, shuka imenyooka, kana kwamba katoka kidogo. Usingizi ulikuwa ukinijia mpaka karibu kabisa, kisha nashtuka, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yakiusubiri ule mlio. Adhana ya alfajiri ilinikuta macho kila siku. Siku zikawa wiki, nami nikaanza kuogopa jua likizama.

Mtu asiyelala anakuwa mjinga, nawaambia. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilimwita mgeni kwa jina la mgeni mwingine, tena wa ukoo usiosalimiana nao. Siku moja mchana nilibandika maziwa jikoni, nikakaa kwenye kiti nikiyatazama yakichemka, yakafurika, yakazima moto, gesi ikaendelea kutoka, na mimi bado nimekaa natazama. Mavyaa ndiye aliyenusa. Alizima, akafungua madirisha yote, akarudi chumbani kwake bila kunambia neno.

Habari ile ilimfikia kaka yangu mkubwa. Yeye anakaa Majengo, kwenye nyumba ya marehemu baba yetu, na ni mtu wa kusema mara moja. Alikuja, akakaa barazani kwetu juu, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu, hii si eda tena, huku ni kujiua," alisema. "Nimemuuliza shekhe, kanambia kwa dharura kama hii yafaa uhamishwe. Ijumaa nikitoka msikitini naja na gari. Nikikukuta bado hulali, twenda zetu nyumbani."

Mavyaa alikuwa papo hapo, anamenya vitunguu kwenye sinia. Hakusema nenda wala kaa. Alimenya tu. Nami nikauchukua ule unyamavu kuwa ni ridhaa. Tangu matanga yaishe alikuwa akinipa maneno mawili matatu kwa siku, na mimi kichwani mwangu nilishamaliza kesi: ananilaumu. Amekumbuka kola ya shati, amekumbuka chumvi niliyokuwa nikizidisha kwenye mchuzi wa mwanawe, na sasa anashukuru kwamba naondoka.

Kutoka kwetu hadi Majengo ni mwendo mfupi wa tuktuk, tena kule ni kwetu nilikozaliwa. Lakini sikutaka. Kumaliza eda ndani ya nyumba yake lilikuwa jambo la mwisho nililoweza kumfanyia mume wangu, na nilijua kwamba nikitoka kabla ya wakati, nguo zangu zikikunjwa zikatiwa mfukoni, sitarudi tena. Kwa hiyo nilitakiwa nilale kabla ya Ijumaa. Jaribu wewe kulala kwa amri, utaona.

Dawa zililetwa za kila namna. Maziwa ya moto yenye kungumanga. Habasoda na asali. Kombe la kunywa, maandishi ya zafarani yakioshwa kwenye sahani. Shangazi yangu alitaka kunishonea mto wa mrihani, akakumbuka mwenyewe kwamba harufu nzuri nimekatazwa, akaondoka na majani yake. Vidonge vya daktari vilinilaza kama gunia na kuniamsha nimechoka kuliko nilivyolala, nikaviweka juu ya friji. Kila aliyeleta dawa aliniuliza kesho yake kama imefaa, na kila mara niliona haya kumwambia hapana, mpaka nikaanza kusema uongo. Sikupenda kusema uongo ndani ya eda.

Jumapili alikuja mwenzangu wa shuleni. Mimi nasomesha shule ya msingi kule Tudor, na huyu ndiye tunayekaa naye meza moja: Mkristo, mtu wa bara, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watoto uwanjani. Alitoka kanisani akaja moja kwa moja na mfuko wa maparachichi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanikumbatia mpaka mbavu zikasema, kisha akanishika mabega akanisogeza kwenye mwanga.

"Mwalimu, wewe hulali," alisema.

"Nalala," nikasema.

"Mwalimu, mimi ni mama wa pacha. Mtu asiyelala namjua nikiwa ng'ambo ya barabara."

Akanieleza kwamba pacha wake walipozaliwa alikaa muda mrefu bila usingizi, hata walipolala wao yeye hakuweza. Jirani yake mmoja wa Tudor akampeleka kwenye mazoezi ya yoga, kwenye ukumbi mmoja wanakokutana akina mama. Mengi yalimshinda, alisema, maana mwili wake haukuumbwa kukunjwa. Lakini moja lilimponya, na hilo halikunjwi. Ni kulala tu na kuegemeza miguu ukutani.

"Siyo mazoezi hasa, ni kupumzika," alisema. "Ukiona unajitahidi, ujue umekosea. Ngoja nikuonyeshe. Huu ukuta hapa ni mzuri."

Kabla sijafungua kinywa alishajitupa chini, kalala chali, sketi kaibana katikati ya magoti, makalio yamegusa ukuta na miguu yote miwili imesimama juu yake wima. Ukuta wa kibla. Soksi zake za kanisani zilikuwa na maua ya njano. Alikuwa akinitabasamia kutoka sakafuni, mikono kaitandaza, kafurahi kwamba ana kitu cha kunipa. Basi utamwambia nini mtu huyo? Kwamba ukuta huo hatuuelekezei miguu? Hata kiti hatukuuwekea, sembuse soksi. Uso ulinipata joto, na ndani kabisa, nasema kweli, nilitaka kucheka.

"Mto chini ya kiuno, mdogo," aliendelea akiwa kule kule chini. "Macho uyafunike na kitambaa. Pumzi ya kuingia iwe fupi, ya kutoka iwe ndefu. Basi. Hata dakika chache."

Alipoondoka nilipangusa ukuta kwa kitambaa kibichi, mara mbili, ingawa soksi zilikuwa safi.

Jumatatu baada ya adhuhuri, mavyaa alikuwa jikoni na wageni hawakuwapo. Nilizunguka chumba kile kama mpangaji anayetafuta pa kuweka kabati. Dirishani miguu ingetokeza nje, watalii wa kichochoroni wangepata cha kupiga picha. Mlangoni hapafai. Kabati lina vishikio. Kitanda hakiguswi. Ukabaki ukuta mmoja. Sisemi kwamba ni haramu, elimu hiyo sina, lakini sisi tumelelewa hivyo: mtoto akinyoosha miguu kibla hupigwa kikofi cha goti, akaikunja. Nilisimama pale nikiwa mtu mzima, mwalimu, mjane, nikiogopa kikofi cha goti. Mwisho nilijiambia Mungu anajua sina ukuta mwingine. Msala niliukunja nikauweka kitandani, angalau hilo. Nikakunja blangeti nikalitia chini ya kiuno, nikalala, nikatundika miguu, nikajifunika macho kwa leso nyeupe niliyokuwa nikijitanda ndani ya eda.

Mwanzo nilijiona mjinga tu. Visigino viliwasha. Kisha miguu ikaanza kuwa myepesi, ile miguu iliyokuwa imevimba kwa kukaa na wageni kutwa. Nikahisi kitu kikishuka polepole kutoka kwenye vifundo kuja mapajani, kuja tumboni, na tumbo nililokuwa nimelibana tangu siku ya maziko likalegea lenyewe. Sikuwa nimejua kwamba nimelibana. Taya nazo zikaachana. Chini kichochoroni mtembezaji wa watalii alikuwa akiwaeleza wageni wake nyumba yetu ilijengwa lini. Kila mtembezaji ana tarehe yake ya nyumba ile, wa leo na wa jana hawakubaliani hata kidogo. Nilivuta pumzi fupi, nikaitoa ndefu. Nikafikiri nimkosoe kutoka dirishani. Sikumbuki kilichofuata.

Kilichoniamsha kilikuwa maji. Kidole chenye maji kilikuwa kikipita kwenye midomo yangu, na karibu kabisa na sikio langu sauti ilikuwa ikisema, ikitetemeka:

"Sema, mwanangu. Sema na miye. La ilaha illa llah. Sema, usinene lingine."

Mwili ulikuwa mzito kwa usingizi na leso bado iko machoni, kwa hivyo sikujibu upesi. Sauti ikavunjika.

"Na weye waniwata? Mwanangu kaniwata, na weye waniwata? Nibaki na nani nyumba hii? Ndoo kwangu, mwanangu, usiniwate."

Nikaiondoa leso. Mavyaa alikuwa amepiga magoti kando yangu, kikombe cha maji mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, mtandio umemwanguka. Sikupata kumwona hivyo hata siku ya maziko. Nikasema jambo moja tu lililonijia.

"Mama, nilikuwa nimelala."

Alinitazama. Alikitazama kikombe. Kisha huzuni yote ile ikageuka hasira, na hasira yake mimi naijua, inaanza polepole kama pampu ya maji.

"Kulala? Huku ndiko kulala? Mtu kajinyosha chali, maguu kibla, kitambaa cheupe matoni, namwita mara ngapi haitiki! Hivi ndivyo tuwalazavyo watu wakikata roho! Watakani, nife na miye?"

Alikuwa na haki. Mtu mahututi asiyeweza kulazwa ubavu huku kwetu hulazwa chali namna hiyo hiyo, nyayo zikielekea kibla, akatiwa maji midomoni, akasomewa shahada sikioni aifuate. Nilikuwa nimejilaza vile vile hasa, mbele ya mama aliyemzika mwanawe juzi, ambaye hakuwahi kufika kwenye kiti kile cha bandarini kumtamkia shahada. Sasa alikuwa akinifanyia mimi lile alilokosa kumfanyia yeye. Nilipolifahamu hilo nililia. Nililia pia kwa sababu nilikuwa nimelala usingizi wa kweli, na kwa sababu nilikuwa nimesikia: usiniwate, yaani usiniache. Kesi yangu yote niliyoimaliza kichwani ilikuwa si kesi.

Akaninyamazisha, kisha akauliza, sauti imepoa:

"Ulilala kweli lakini?"

"Kweli, Mama."

"Toka saa ngapi?"

"Tangu adhuhuri imeswaliwa."

Nje palikuwa pakiadhiniwa alasiri. Alisikiliza ile adhana mpaka mwisho. Nikamweleza habari ya mwenzangu, pacha, soksi, na pumzi ya kutoka. Alisikiliza na hilo. Kisha akautazama ukuta wa kibla, akalitazama dirisha, na kabati, na mwisho akakitazama kitanda.

"Dawa kama imekufaa siikatai," alisema. "Lakini si kwa ukuta huu. Twatoa kitanda."

Nilishtuka. Kitanda kile sikukisogeza tangu msiba, hata shuka ya upande wake nilikuwa naibadilisha kwa kuizunguka, sijui mnanielewa. Nikasema ni kizito, tungoje wanaume. Akasema wanaume gani, na mimi niko eda? Nikasema labda kesho. Akasema kitanda ni chake, kaolewa juu yake, kavyaa juu yake, na kikitakiwa kuondoka mwenye kusema ni yeye.

Alikwenda stoo akaja na magunia, akayalowesha kwenye ndoo. Tuliteremsha godoro. Tukainua mguu mmoja mmoja wa kitanda, yeye akiinua na mimi nikiusukuma mkunjo wa gunia bichi chini yake, na alivyoinua yule bibi mwenye magoti mabovu mpaka leo sijui. Kisha bismillahi, tukasukuma. Kililia, si mlio ule mfupi, kilipiga kelele chumba kizima, na nje watalii wakanyamaza. Kikatelezea mpaka chini ya dirisha.

Tulipogeuka, tuliona ukuta.

Kabla ya Idd mume wangu alikuwa amepaka chumba rangi nyeupe. Alinifukuza chumbani kutwa, eti harufu itaniumiza kichwa, na jioni akatoka ameshika kiuno, akasema kapaka ukuta hadi ukuta, hakuacha hata pa kutia kidole. Nilimpikia biriani siku ile kwa ajili ya kazi aliyofanya. Na sasa mbele yetu, katikati ya ukuta mweupe, palikuwa na kitanda kizima cha rangi ya kijani, ile rangi ya zamani: ubao wa kichwani na vilemba vyake, nguzo huku na nguzo huku. Hakukisogeza hata inchi moja. Alikizunguka kwa brashi, tena kwa uangalifu mkubwa, kazi ambayo pengine ilimchukua muda zaidi ya kukisogeza.

Mavyaa ndiye aliyeanza.

"Ewe mvivu wee!" aliuambia ukuta. "Mvivu mkubwa wee! Na biriani yangu ya kuku ukaila!"

"Ilikuwa biriani yangu, Mama."

"Kuku nilimnunua miye!"

Tukacheka. Tulicheka mpaka nikashika nguzo ya kitanda, mpaka yeye akakaa chini kwenye sakafu mbichi akijipiga mapaja. Katikati ya kicheko tulikuwa tunalia na tukaendelea kucheka. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikicheka nitakuwa nimemsahau. Nilimkumbuka siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Chumba kimepakwa rangi mpya baadaye, lakini ile kijani nilikataza isiguswe, na mpaka leo iko pale.

Usiku ule kitanda kilikuwa chini ya dirisha, na upande wake mume wangu ukawa umeshikana na ukuta. Hakuna mtu ambaye angeweza kuamkia upande ule. Masikio yangu yalilifahamu jambo hilo kabla ya kichwa. Nililala katikati. Sitasema nililala mpaka asubuhi, maana sikulala, niliamka na kuamka. Lakini kila nilipoamka sikuwa nimeshtuka, nimeamka tu, na usingizi ukarudi.

Kesho yake mavyaa alikuja na mto wake kwapani.

"Na miye nitundike," alisema.

Ndipo nilipojua kwamba na yeye hakuwa akilala. Alikuwa chumbani kwake macho, akinisikia nikigeuka, kama nilivyokuwa nikimsikia akikohoa, na kila mmoja alidhani mwenziwe anajua kulala. Magoti yake hayakunyooka ukutani, kwa hivyo nilimletea kiti cha plastiki, akalala chali na kuweka vigimbi vya miguu juu yake, leso machoni. Alilalamikia kiti, akalalamikia sakafu, akauliza pumzi ya kutoka iwe ndefu kiasi gani, nikasema usijitahidi, ukijitahidi umekosea. Kisha akasema, uso bado umefunikwa:

"Siku ile nduguyo alipokuja, nalichelea. Ningesema kaa, watu wangesema nakufunga. Wewe bado kijana, una kwenu."

"Nilidhani wataka niende."

"Ningetaka wende ningekufungia nguo mwenyewe."

Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa ameshaanza kukoroma.

Tukafanya hivyo kila siku, baada ya adhuhuri na tena baada ya isha, mimi visigino vyangu kwenye ile kijani, yeye kwenye kiti chake. Alhamisi usiku nililala mapema, na alfajiri ya Ijumaa, kwa mara ya kwanza tangu msiba, adhana haikunikuta macho. Iliniamsha. Nilibaki nimelala nikiisikiliza, nimefurahi kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali, mpaka mavyaa akanigongea nguzo ya kitanda kwamba sala inapita.

Lakini kaka yangu ni mtu wa neno lake, na usiku mmoja mzuri angeuona ni bahati tu. Kwa hivyo nilikuwa nimeshatia nguo zangu kwenye mfuko, nikauweka mlangoni. Wanaume walipokwenda msikitini tukaswali adhuhuri yetu. Nikasema nitundike miguu kidogo nitulie, akifika nisiwe natetemeka mbele yake.

Yaliyobaki sikuyaona. Nimeyasikia kwa mavyaa, ambaye huyasimulia kwa kila mgeni na kila mara huongeza. Kaka alifika, akapiga hodi chini. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Mavyaa alikuwa kwenye kiti chake, akajinyanyua, akatoa kichwa dirishani juu ya kitanda.

"Salaam alaykum, Mama. Nimekuja kumchukua."

"Alaykum salaam. Kalala."

"Basi nakuomba umwamshe."

"Simwamshi."

"Mama, tulikubaliana."

"Mulikubaliana juu ya mtu asiyelala," mavyaa akamwambia. "Huyu kalala."

Kaka yangu alisimama kichochoroni na funguo za gari mkononi. Nyuma yake mtembezaji na watalii wake wakingoja apishe njia. Akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kama ni kweli. Mavyaa akamwuliza kama ataka nisogezwe dirishani asikie mkoromo. Hapo husema kaka alitoa leso ya mfukoni akajifuta uso, na kwamba halikuwa jasho. Kisha mavyaa akateremsha kikapu chetu cha kamba, tunachonunulia mboga kwa wachuuzi bila kushuka ngazi.

"Mkeo kaleta chakula?"

"Kaleta. Pilau."

"Tia humo, wende zako. Utakuja kumuona alasiri."

Akatia.

Nilipoamka jua lilikuwa limehama ukutani na visigino vyangu bado viko kwenye kijani. Nikakurupuka, nikautazama mlango. Mfuko haukuwapo. Ulikuwa juu ya kabati, mtupu, umekunjwa, na nguo zangu zote zimerudishwa ndani. Mavyaa alikuwa amekaa kitandani, sinia la pilau magotini, anakula.

"Kaka kaja?" nikauliza.

"Kaja, kaenda," akasema. "Ndoo ule, chakula chapoa."